Kengele pekee haitoshi

Mwanafunzi wa bweni huamshwa na kengele alfajiri. Kengele humpeleka kwenye usafi, mstarini, darasani, kwenye chakula na prepo, kisha humlaza. Miaka 4 ya sekondari hupita bila yeye kuamua hata saa moja ya siku yake. Halafu tunashangaa anapofika chuoni na kushindwa kujipangia wiki.

Wa kutwa ana shida nyingine. Anarudi nyumbani kwa mguu, anakuta ndoo za maji zinamngoja, na akiwa msichana, jiko pia. Ratiba aliyobandika ukutani, hesabu saa 1 usiku, fizikia saa 3, inavunjika siku ya kwanza kwa sababu aliipanga kana kwamba hana kazi za nyumbani. Huyo hakosi bidii. Hajafundishwa kuanza na muda alionao kweli.

Tunaziomba shule ziwaachie wanafunzi prepo moja kwa wiki wajipangie wenyewe. Mwalimu wa darasa awafundishe kuhesabu kurudi nyuma kutoka mtihani wa taifa wa Novemba, kuigawa mada kubwa vipande vya nusu saa, na kuanza na somo wanalolikwepa. Ijumaa wakae pamoja waone kilichofanyika na kilichokwama, bila fimbo, maana mtoto anayeogopa kuchapwa ataandika ratiba ya uongo.

Wazazi nao wagawe kazi za jioni sawasawa kati ya kaka na dada.