Vichezeo vya Watoto Wetu Vihifadhiwe kwa Picha

Mali bila daftari hupotea bila habari. Hivyo ndivyo vinavyopotea vichezeo ambavyo watoto wetu wamekuwa wakijiundia kwa mikono yao: gari la waya lenye magurudumu ya vifuniko vya soda, mwanasesere wa gunzi la mahindi, pia ya mti na kishada. Tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi Agosti 2017, hata ule mpira wa mifuko iliyoviringwa na kufungwa kwa kamba umekuwa adimu. Marufuku hayo yalifaa mazingira. Lakini ni nani aliyeuwekea mpira ule kumbukumbu?

Mimi hufundisha isimu, na hoja yangu ni ya lugha kwanza. Kitu kinapotoweka, jina lake husalia kwa muda vinywani mwa wazee, kisha nalo hufa. Kamusi yaweza kueleza kwamba pia huzungushwa kwa kamba, ila haimwonyeshi mwanafunzi ncha yake wala alama za kisu kilichoichonga. Picha njema humwonyesha.

Kazi hii haihitaji studio. Dirisha moja na simu vyatosha. Taa ya kamera hummulika mwanasesere kutoka mbele na kufuta vivuli, akaonekana bapa. Mwanga wa dirisha humjia ubavuni na kudhihirisha kila mshono. Jua likipenya moja kwa moja, pazia jeupe jepesi hulipoza. Karatasi nyeupe upande wa pili hupunguza giza la kivuli. Taa ya umeme izimwe, kwa kuwa umanjano wake hupotosha rangi. Na rangi ni ushahidi: hutuambia nguo ya mwanasesere ilikatwa kutoka leso ya namna gani.

Aghalabu vitabu vya Ulaya huagiza dirisha linaloelekea kaskazini. Huko agizo hilo ni sahihi, maana jua la adhuhuri huwa kusini mwaka mzima. Sisi wa ikweta tukilifuata kikasuku tutapotoka. Mwezi Juni jua letu huwa kaskazini, basi tutumie dirisha la kusini. Mwezi Desemba tufanye kinyume.

Wapo watakaodai kwamba vichezeo hivi ni alama ya umaskini isiyostahili kuenziwa. Sikubaliani nao. Mtoto aliyepinda waya hadi usukani ukageuza magurudumu ya mbele ametenda kazi ya uhandisi, tena bila mwalimu.

Kwa hivyo nawasihi walimu na wazazi: kila shule ianze daftari lake la picha. Chini ya kila picha paandikwe jina la kichezeo kwa lugha ya mama na kwa Kiswahili, vifaa vilivyotumika, mahali na mwaka. Wazee wenye majina hayo wangali nasi. Tuwaulize leo.