NYASI ZINYWE, NASI TUKAE NA KIU?

Leo nina dukuduku moyoni, na nisipolitoa katika ukurasa huu sijui nitalitolea wapi. Ni kuhusu zile nyasi zilizo mbele ya ofisi, zenye kibao "Usikanyage".

Kila Jumatatu, kila mwanafunzi huja na mtungi wa lita tano za kunyunyizia nyasi hizo. Mimi hutembea kilomita nne. Huku kwetu Kitui kiangazi kikipamba moto hatufungui mfereji; tunafukua mchanga mtoni na kungoja maji yajikusanye. Jumatatu moja muhula uliopita, mama aliutazama mtungi wangu akasema, "Mwanangu, hayo ndiyo yangekuwa uji wa ndugu zako." Nilikuja nayo hata hivyo, maana niliogopa kurudishwa nyumbani. Nilipoyamwaga, ardhi iliyameza kufumba na kufumbua. Nikajiuliza, tunamwagilia nini hasa?

Nikafanya hesabu. Mahali hapo pana urefu wa mita 20 na upana wa mita 10, yaani mita mraba 200. Ukitaka maji yatande kina cha milimita 5 tu, utahitaji lita 1,000. Hiyo ni mitungi 200 kama wangu! Kisha jua la huku halina simile. Ifikapo Alhamisi nyasi zimeshageuka rangi ya kahawia. Wala si kosa lao. Nyasi hizi za Kikuyu asili yake ni nyanda za juu zenye mvua. Kuzilazimisha ziishi huku ni kuzionea.

Sasa twende kwa nyanya yangu. Mbele ya nyumba yake kuna maua mafupi yanayotambaa, mekundu, manjano na ya waridi. Wataalamu huyaita Portulaca grandiflora, na asili yake ni Amerika ya Kusini. Majani yake ni manene, yamejaa maji. Hiyo ndiyo akiba yao. Huchanua jua likiwaka na kujifunga jioni. Ukame wa mwaka wa 2022, baada ya mvua kukosekana misimu mfululizo, ulituulia mbuzi sita. Maua ya nyanya, ambayo hupata maji aliyooshea mboga tu, mengine yalikauka, lakini yaliyobaki yalichipuka tena manyunyu ya kwanza yalipoanguka. Mwenye macho haambiwi tazama.

Najua wapo watakaosema, "Lakini maua hayakanyagiki!" Kweli kabisa. Mgala muue na haki yake mpe: nyasi huvumilia miguu, kwa hivyo ziachwe katika uwanja wa kandanda. Lakini pale mbele ya ofisi ni nani anayekanyaga? Si kibao chenyewe kinakataza? Wengine watasema, ati, maua yataficha nyoka. Haya hayapiti shubiri moja. Hata hivyo, tusipande kila kitu kinachochanua. Lantana camara, kwa mfano, ni ua la kupendeza, lakini limevamia malisho mengi na ni sumu kwa ng'ombe.

Ombi langu kwa walimu wetu wapendwa ni dogo. Chama cha Mazingira kipewe kipande cha mita 2 kwa 10 tu. Nitaleta vipande vya matawi kutoka kwa nyanya, bure bilashi, tuvipande mvua za Oktoba zikianza. Majuma ya mwanzo vitahitaji kunyunyiziwa, sikatai. Vikishashika mizizi, tuvitazame kiangazi kizima pamoja na nyasi zilizo kando yake, kisha tuamue.

Yakifa maua hayo, nitaleta mitungi miwili kila Jumatatu bila kunung'unika. Yakipona, naomba mtungi wangu ubaki nyumbani, ndugu zangu wapate uji.