Mimba si ugonjwa, ila usiibebe peke yako



Mwaka 2022, kwenye Olimpiadi ya Chesi karibu na Chennai, Harika Dronavalli aliichezea India akiwa na mimba ya miezi tisa. Ndiyo, tisa! Gemu moja inaweza kufika saa nne au zaidi, umekaa kitini, kichwa kinachemka. Timu yao ya wanawake ikapata shaba. Medali hiyo aliisubiri tangu 2004, alipoanza kuichezea timu akiwa na miaka 13.

Najua wapo watakaosema, "Huyo hana huruma na mtoto." Na wengine, "Mbona mimi naambiwa nikae tu ndani?"

Jamani, hakukurupuka. Daktari wake alimwambia inawezekana, mradi kusiwe na tatizo. Raundi zilikuwa 11 na hakucheza zote. Timu ina watu watano, wanaokaa mezani ni wanne, kwa hiyo yupo wa kumpokea mwenzake.

Hapo ndipo sisi tunapokosea. Mjamzito tunamwambia "jikaze," halafu ndoo anabeba mwenyewe.

Baba, mama mkwe, bosi: akichoka, nani anampokea?

Na wewe mama, kazi fanya, ila kliniki usikose. Ukiona damu, kichwa kinauma sana, macho yana ukungu, au mtoto amepunguza kucheza, acha kila kitu, njoo hospitali. Usisubiri kesho.

Wewe ulifanya kazi mpaka mwezi wa ngapi? Nani alikupokea?