Dume na deodoranti yake

Nimeadimika kidogo, testi zilinibana. Leo naomba tuongelee biashara moja ngumu kuliko zote duniani: kumuuzia mwanaume kitu ambacho hataki aonekane anakinunua.

Dada zetu hawana shida. Anaingia dukani, anataja, analipa, anasepa. Sisi? Tunanunua vocha kwanza. Halafu biskuti. Halafu kwa sauti ya chini, "na hiyo." Ipi? "Hiyo hapo juu." Aaa, hii ya KIKWAPA! Na foleni yote inageuka. Sijui wauza maduka wote wamemeza vipaza sauti.

Sasa watangazaji wameshatujua, ndiyo maana wanatuzunguka. Mwaka 2010 kule Marekani Old Spice walitoa tangazo la sabuni ya maji ya kuogea wanaume. Jamaa mmoja kifua wazi, Isaiah Mustafa, anaongea na nani? Na akina mama! Anawaambia wamtazame mume, kisha wamtazame yeye, mwisho yuko juu ya farasi. Mume mwenyewe hata hajasalimiwa. Na walipiga hesabu vizuri tu, maana nyumba nyingi anayenunua sabuni ya baba ni mama.

Philips nao mwaka 2006 walikuwa na mashine ya kunyolea nywele za mwili, pamoja na zile za huko kusini. Utamwambiaje dume? Wakamweka bwana ndani ya joho la kuogea, kila akifika kwenye neno lenyewe inapigwa mlio, inatokea picha ya tunda au mboga. Ukicheka umeshasikiliza. Mimi kama mwalimu mtarajiwa nasema hiyo ni zana ya kufundishia, tena safi kuliko chati tunazochora usiku wa kuamkia mazoezi.

Viagra ndiyo ilikuwa kazi kubwa. Iliidhinishwa Marekani 1998, na kampuni ya Pfizer ikamchukua Bob Dole, mzee aliyegombea urais 1996 akashindwa na Clinton, akazungumzia tatizo hilo kwenye televisheni. Baadaye wakamchukua Pelé, mfalme wa soka mwenyewe, awahimize wanaume wamwone daktari. Yaani dume mpaka aambiwe na Pelé!

Huku kwetu Bongo hakuna Pelé, kuna nguzo za umeme. NGUVU ZA KIUME, rangi nyekundu, na namba ya simu chini. Hapo hapo utasomewa kupunguza kitambi, kurudisha mpenzi na mali iliyoibiwa. Ukiwa kwenye daladala angalia wanaume wanavyoisoma: kichwa kimeangalia mbele, jicho pekee limechomoka kama la kinyonga. Namba inakaririwa kwa sekunde tatu. Ningekuwa na ubongo huo kwenye somo la falsafa ya elimu ningepata A.

Nacheka, lakini hapa roho inaniuma. Tatizo lile mara nyingine ni dalili ya kisukari, presha au moyo. Jamaa akienda hospitali watampima hayo yote. Akipiga ile namba anapewa unga kwenye karatasi, "mizizi tupu, haina madhara." Kumbe dawa nyingi za namba hiyo zinazoitwa za asili zimewahi kukutwa zimechanganywa na sildenafil, kile kile kilichomo kwenye Viagra. Na sildenafil ikikutana na dawa za moyo za jamii ya naitreti, presha inaweza kuporomoka mtu akafa. Mzee wa watu anakufa na siri yake, nyumbani wanasema karogwa.

Kwa hiyo mimi sipingi matangazo ya aibu, napinga kunong'ona. Afadhali farasi na karoti.

Mfano, mwenzangu mmoja hapa hosteli anaficha deodoranti ndani ya soksi, soksi ndani ya kiatu cha mpira. Sasa hebu fikiria mwenyewe hiyo deodoranti inatoka na harufu gani.

Mwezi wa saba naenda TP. Nikipewa kidato cha pili na mada ya kubalehe, kipindi cha saa nane mchana, joto lote lile, nitaandika KIKWAPA ubaoni kwa herufi kubwa. Na wavulana ndio watakaa mbele. Madirisha nitafungua kabla.