UZI WA DAWA, SEHEMU YA 3: Mwanao siyo daftari la mazoezi

Akina mama wenzangu wa Sumbawanga mjini, wa Laela, Matai, Namanyere, na nyie wa kule bondeni Mtowisa, uzi huu ni wenu. Na akina baba mnaosoma kimyakimya, nawaona, karibuni.

Leo naingia kwenye jambo litakalowakera baadhi ya wenye maduka. Wakereke tu. Nasema hivi: kumwacha mhudumu mpya peke yake kaunta ya dawa, wiki yake ya kwanza kazini, ni kumfundishia kazi kwenye mwili wa mtoto wako. Na ada unalipa wewe.

1️⃣ SIYO HABARI YA KUMSEMA BINTI WA DUKANI

Naanza na hili ili tusigombane. Simsemi yule binti. Amemaliza mafunzo yake, amepata kazi, anafika asubuhi anakabidhiwa ufunguo, koti jeupe na bei za dawa. Bosi anamwambia, "Utazoea tu." Kisha bosi anaenda shambani. Dakika kumi baadaye unaingia wewe na mtoto mgongoni, unamwita "dokta". Unategemea aseme nini? Atajibu tu, maana kukuambia "sijui" anaona ni aibu, na mauzo yatapotea.

Wengine hata mafunzo hawajapita. Cheti kinaning'inia ukutani, mwenye cheti yuko mkoa mwingine, aliyesimama kaunta ni mpwa wa mwenye duka. Huyo siyo mwanafunzi wala mtoa dawa. Huyo ni muuzaji tu.

2️⃣ KOSA DOGO LINAFANANAJE

Wodini tulimpokea mtoto wa miezi 9, kilo 8, ametoka bondeni. Alipimwa, akakutwa na malaria, mama akanunua dawa mseto dukani. Kwenye bahasha kumeandikwa "1x2, siku 3". Maana yake kidonge kimoja, mara mbili kwa siku, siku tatu, jumla vidonge 6. Mhudumu mpya akamweleza mama: "Kimoja kila siku, kwa siku tatu." Mtoto akala vitatu. Nusu ya dozi. Siku chache baadaye homa imerudi, mtoto hana damu, na mama anajilaumu mwenyewe. Dawa ilikuwa sahihi kabisa. Bei ilikuwa sahihi. Maelezo ndiyo hayakuwa sahihi, na hapakuwa na mtu pembeni wa kusema, "Hapana mdogo wangu, rudia."

Mfano mwingine. Paracetamol ya maji iliyozoeleka ina miligramu 120 kwa kila mililita 5. Yapo pia matone ya watoto wachanga yenye miligramu 100 kwa mililita 1 tu. Chupa zote zimeandikwa paracetamol. Mhudumu asiyejua tofauti akikwambia "kijiko kimoja" kwa yale matone, mtoto amemeza miligramu 500, yaani kidonge kizima cha mtu mzima. Tofauti hiyo unaweza kuisoma darasani ukafaulu mtihani, na bado ukaisahau foleni ikiwa ndefu na watu wanakuharakisha.

3️⃣ "LAKINI KAZI INAJIFUNZWA KAZINI"

Kweli kabisa. Hata mimi nilijifunza hivyo. Miaka mitatu ya diploma, na muda mwingi tulikuwa wodini. Lakini sikushika sindano bila dada mkubwa kusimama begani kwangu, na daftari la mazoezi halikusainiwa mpaka aone kwa macho yake. Kujifunza kazini maana yake kuna mtu anayekufundisha. Ukiachwa peke yako hujifunzi kazi, unabahatisha.

Mkulima yeyote wa Ufipa analijua hili kuliko mimi. Maksai mpya humfungi nira na maksai mpya mwenzake ukamwacha aende. Unamfunga na mzoefu, na mtoto anatangulia mbele kuwaongoza, mpaka ajue mstari. Tunafanya hivyo kwa ng'ombe ili tusiharibu shamba. Kwa dawa za watoto tunaona ni gharama?

Halafu tazameni jinsi mambo yalivyogeuzwa. Mfamasia anasoma chuo kikuu miaka 4, na bado hasajiliwi mpaka amalize mwaka mzima wa utarajali chini ya wakubwa wake. Mtoa dawa wa duka la dawa muhimu amesoma muda mfupi kuliko wote, na huyo ndiye tunamwacha peke yake siku ya kwanza! Aliyesoma kidogo ndiye alihitaji kusimamiwa zaidi.

Mkoa huu una kumbukumbu ya Adrian Atiman. Alitolewa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa Malta kusomea udaktari, ndipo mwaka 1889 akafika Karema, pwani ya Tanganyika, akatibu watu pale mpaka alipofariki mwaka 1956. Hospitali hapa mjini inabeba jina lake. Angalieni mpangilio: alifundishwa kwanza, akaaminiwa baadaye.

4️⃣ SERIKALI ILISHALIONA HILI ZAMANI

Mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu ulianza Ruvuma mwaka 2003, kuchukua nafasi ya yale maduka ya dawa baridi, na Rukwa yetu ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kufuata. Msingi wake ulikuwa mtoa dawa aliyefundishwa, orodha ya dawa zinazoruhusiwa, na ukaguzi. Leo Baraza la Famasi lipo, Sheria ya Famasi ya mwaka 2011 ipo. Kwa hiyo siombi kitu kipya. Naomba kile kilichoanzishwa kifike mpaka kwenye kaunta.

5️⃣ "TUKIBANWA TUTAFUNGA, WATU WATANUNUA DAWA MNADANI"

Hii hoja naiheshimu. Kwa mama wa kijijini, duka la dawa mara nyingi ndiyo huduma ya kwanza anayoifikia, na zahanati ikiishiwa dawa ndiyo pekee. Duka likifungwa, atanunua kwa mtu anayetembeza vidonge kwenye beseni juani. Sitaki hilo.

Ndiyo maana sisemi fungeni. Nasema hivi:

✅ Siku 30 za kwanza mhudumu mpya asikae peke yake. Duka dogo la mtu mmoja limpeleke kwanza kwenye famasi ya mjini yenye mteknolojia dawa, akafanye kazi chini yake.
✅ Wiki ya kwanza apange dawa, asome maboksi, asikilize. Dawa za watoto na wajawazito azitoe mkubwa akiwa pembeni.
✅ Kuwe na daftari. Leo ameeleza dawa mseto vizuri, saini. Leo amechanganya dawa ya unga na maji mpaka kwenye alama, saini. Mkaguzi akija, aombe hilo daftari kama anavyoomba leseni.
✅ Mizani na jedwali la dozi kwa kilo viwe ukutani, siyo kalenda ya kampuni ya dawa peke yake.
✅ Mhudumu aruhusiwe kusema "sijui, ngoja nimpigie mkubwa wangu" bila kukatwa mshahara.

Haya yanagharimu mwezi mmoja wa mshahara. Mwenye duka anayesema hana uwezo huo, namuuliza: hasara ya mwezi huo ulipanga aibebe nani?

6️⃣ NA SISI AKINA MAMA JE?

Tuna sehemu yetu. Huku kwetu kumhoji mtu wa dawa tunaona ni utovu wa adabu. Tunapokea bahasha kwa mikono miwili, tunasema asante, tunaondoka. Wengine tunalazimisha, "Nipe ile kali, ya jirani yangu ilimsaidia." Jamani, tuache.

Kuanzia leo:

👉 Nenda dukani na kadi ya kliniki ya mtoto. Uzito wake umo humo. Dozi ya mtoto inafuata kilo.
👉 Uliza: dawa hii inaitwaje, ni ya nini, kiasi gani, mara ngapi kwa siku, siku ngapi. Kisha wewe umrudilie yeye maelezo. Akisita, mwombe apige simu kwa mkubwa wake.
👉 Mtoto akiharisha, omba ORS pamoja na zinki. Zinki ni siku 10 mpaka 14 hata kama kuharisha kumekata: kidonge cha miligramu 20 mara moja kwa siku kwa wa miezi 6 na zaidi, nusu yake kwa walio chini ya hapo.
👉 Muulize kwa upole: "Mdogo wangu, umeanza lini kazi? Nani anakuelekeza?" Hilo siyo tusi. Unaweza kuwa mtu wa kwanza kumuuliza.
👉 Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea hazinduki vizuri: USIPITIE DUKANI. Nenda kituo cha afya au hospitali moja kwa moja, hata usiku.

Wenye maduka mnaosoma hapa, komenti ziko wazi, njooni tujadiliane. Na kama duka lako unawafundisha wahudumu wapya vizuri, sema hapa linafanyaje, tukusifie hadharani na wengine waige.

Wengine mtumieni mwenzenu kwenye grupu la kikoba, hasa yule mwenye mtoto wa kwanza. Sehemu ya 4 nitaongea na wajawazito, dawa za maumivu zinazouzwa kama karanga.