"Nimetumiwa Tu": Udhuru Tusioukubali



Tunaandika juu ya jambo ambalo wengi wetu hulihesabu kuwa dogo. Ni maneno tunayoyapokea na kuyasambaza katika makundi ya simu: kundi la jumuiya ndogo ndogo, la kwaya, la vijana, la wazazi wa watoto wa Komunyo ya kwanza. Asubuhi tunafungua kwa sala, na kabla ya jua kutua tumekwisha kuwatukana jirani zetu, huku sura ya Bikira Maria ikiwa ndiyo alama ya kundi.

Wakati wa uchaguzi wa Agosti 2022, katika kundi moja la jumuiya tunalolifahamu vema, kwa kuwa baadhi yetu tumo, ililetwa picha ya duka linaloteketea. Maandishi chini yake yalidai kwamba duka hilo ni la mtu wa "kwetu", kwamba lilichomwa mjini mwetu usiku uliopita, na kwamba waliolichoma ni "wale". Picha ilikuwa ya zamani, wala haikupigwa mjini mwetu. Kijana mmoja aliuliza kwa adabu: duka ni la nani, na liko mtaa gani? Hakujibiwa. Alipouliza mara ya pili, msimamizi alimwondoa kundini kwa kosa la kuleta siasa. Picha ikazunguka siku mbili. Siku ya tatu, mama auzaye mboga karibu na lango la kanisa, ambaye ni mmoja wa "wale", na ambaye alibatizwa kwa ubatizo ule ule tuliobatizwa sisi, aliondoa meza yake na kuwapeleka watoto kwa dada yake, mbali. Sisi tulionyamaza kundini tulikuwa tumenunua sukuma wiki kwake hadi jana yake.

Tulipohoji baadaye, kila mmoja alijibu: "Mimi nimetumiwa tu." Udhuru huo hatuukubali. Apokeaye mali ya wizi akijua, kisha akaiuza, haachiliwi na hakimu kwa kusema kwamba naye aliuziwa. Na asiyejua alikuwa na wajibu wa kuuliza. Kijana aliuliza, tukaona alivyotendewa.

Wako watakaosema kwamba tunakuza mambo, kwamba haya ni mazungumzo tu. Wakenya hatuna haki ya kusema hivyo. Katika mapigano ya Bonde la Ufa ya miaka ya 1990, watu walioishi huko miaka mingi waliitwa "madoadoa". Kila afuaye nguo anajua doa hufanywa nini. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ujumbe wa chuki ulipita simu hadi simu. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilitiwa moto, na ndani yake mlikuwa na wanawake na watoto waliokimbilia humo kuokoa maisha yao. Tume iliyoongozwa na Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini katika machafuko yale. Je, kuna anayethubutu kudai kwamba miongoni mwa waliotuma ujumbe ule hawakuwamo watu wa Misa na ibada za kila Jumapili? Baraza la Kitaifa la Makanisa lenyewe lilikiri hadharani, Februari 2008, kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea upande. Ungamo lile lilihitaji ujasiri. Lakini lilikuja makaburi yakiwa yamekwisha kuchimbwa.

Mwaka 2022, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilipotoa orodha ya maneno ya chuki, "madoadoa" lilikuwamo. "Mende" pia lilikuwamo, neno ambalo Wanyarwanda walilisikia kwa lugha yao katika redio ya RTLM mwaka 1994.

Uko udhuru mwingine, nao twauona mbaya zaidi kwa sababu umevaa joho la dini: "Natetea imani." Kwa udhuru huu Mkatoliki humdhihaki Mwislamu, mlokole humwita Mkatoliki mwabudu sanamu, na wote hulala wakijiona mashahidi. Mtume Petro, katika sura ya 3 ya waraka wake wa kwanza, ataka tuwe tayari kutoa sababu za tumaini letu, ila kwa upole na heshima. Wapenda mabishano huikariri sehemu ya kwanza na kuiacha ya pili. Katekisimu ya mwaka 1992, namba 2478, inatudai tuyapokee maneno ya mwenzetu kwa maana njema kadiri iwezekanavyo. Na ikiwa haiwezekani, tumwulize kwanza yeye ayaelewaje. Basi kabla ya kuandika kwamba "Waislamu huamini hivi", muulize Mwislamu. Ni jirani yako, na simu anayo.

Heshima hii isichukuliwe kuwa ni kunyamaza. Bei ya unga, ardhi iliyonyakuliwa, kijana aliyepigwa risasi na polisi: hayo ni maswali ya Mkristo, na kundi la jumuiya lisiloruhusu yaulizwe limejinunulia utulivu kwa gharama ya wanyonge. Msimamizi awaondoe watukanaji, awaache waulizaji.

Namba 2487 ya Katekisimu hiyo hiyo yafundisha kwamba aliyekosa dhidi ya ukweli ana wajibu wa kufidia, hata kama amekwisha kusamehewa. Kuungama kwa padre hakufuti picha iliyosambazwa. Aliyeituma arudi katika kundi lile lile, mbele ya watu wale wale, aandike kwa jina lake kwamba haikuwa kweli. Kufuta ujumbe kimyakimya hakutoshi. Na kijana aliyeondolewa arudishwe.

Mama wa mboga alirejea mwezi uliofuata. Hadi leo hakuna aliyemwomba radhi, hata sisi tunaoandika haya. Tutakwenda kwake Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, baada ya Misa ya pili. Wanaotaka kufuatana nasi watukute langoni.