Kurudi Mahameni

Wengi katika sisi tunacho kijiji tulichokiacha. Mwingine alitoka kwa kutafuta kazi, mwingine kwa kutafuta elimu, na mwingine hakutaka kutoka, bali alihamishwa. Miaka ikapita, watoto wakazaliwa mjini, hata siku moja moyo ukasema: twende tukapaone. Mwezi huu twapenda kusema juu ya safari hiyo, kwani ndani yake mna haki za watu, na haki ya mtu haichakai kwa miaka.

Mfano wetu twautoa katika bonde la Mto Rufiji. Zamani watu wa huko walikaa bondeni kandokando ya mto. Maji yakipanda huleta udongo wenye rutuba, mpunga ukakua. Yakishuka, watu hupanda mahindi katika udongo uliobaki na unyevu. Mwaka 1968 mto ulifurika sana, na baada yake Serikali iliwahamisha watu wakakae juu, katika vijiji vya Ujamaa kama vile Mkongo na Ikwiriri. Jambo hilo lilitangulia Operesheni Vijiji, iliyohamisha mamilioni ya watu katika Tanzania baina ya mwaka 1973 na 1976.

Wako walioridhika, na wako walionung'unika, kwani mashamba yalibaki chini, na msimu wa mpunga iliwabidi washuke tena bondeni, walale katika madungu wakilinda nafaka yao na ndege na nguruwe. Na pale palipoachwa paligeuka mahame. Ukitaka kuyajua mahame, tazama miembe mikubwa isiyo na nyumba chini yake. Na haikosi karibu yake kuwa na makaburi.

Sisi tulitoka huko tungali watoto, tukarejea baada ya miaka zaidi ya arubaini. Hatukukuta ukuta hata mmoja. Chini ya mwembe alioupanda babu yetu alikuwa ameketi mzee mmoja na wajukuu zake, wakianika mpunga. Tulipomwamkia, alituitikia, akatutazama sana, kisha akauliza, "Ninyi wana wa nani?" Tulipolitaja jina la babu alisimama, akatushika mkono, akatupeleka nyuma ya kichaka. Tukaona makaburi yamepaliliwa, hayana hata jani. "Hawa ndio wenu," akasema. "Kila mwaka kabla ya Ramadhani twawapalilia pamoja na wetu." Hakutuuliza tulikuwa wapi, wala hakutaka ujira.

Kijana mmoja tuliyefuatana naye akauliza, "Mwembe huu si wetu? Mbona maembe wanakula wengine?" Hakusema uongo, maana kwa mila za pwani mti ni wa aliyeupanda na warithi wake, hata ikiwa ardhi inalimwa na mwingine. Mzee naye hakukasirika. Alimjibu, "Ni wenu, mwanangu. Moto wa nyika ulipokuja, sisi ndio tuliouzima. Chumeni, mjaze kapu."

Ndugu zetu, neno hilo latosha kuwa funzo. Mrithi ana haki yake, lakini aliyebaki na kutunza naye ana haki. Anayerudi akihesabu mali tu huikumbuka haki ya kwanza, akaisahau ya pili.

Mfano mwema tunao kwa Bwana Mtume (S.A.W.). Alihama Makka mwaka 622, akairejea mwaka 630 akiwa mshindi. Nyumba za jamaa zake zilikuwa zimekwisha toka mikononi mwao kwa sababu ya Aqil bin Abi Talib. Usama bin Zaid alipomwuliza atashukia wapi, alimfahamisha ya kwamba Aqil hakuwaachia nyumba. Nguvu alikuwa nayo siku ile, wala hakumtoa mtu katika nyumba.

Basi anayerudi kijijini na aanze kwa wazee walio hai, kabla ya kutazama mipaka. Awaulize kama baba yake au babu yake aliacha deni au amana, na akiambiwa, alipe. Ayazuru makaburi na kuwaombea waliomo, na awasaidie wanaoyatunza. Ikiwa kuna miti au shamba la urithi, warithi wote wajulishwe, wanawake na wanaume, kila mmoja kwa fungu lake, na maneno yasemwe mbele ya majirani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeipa Halmashauri ya Kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji, kwa hiyo mlango wa kubisha wajulikana. Ubaya ni kumleta mnunuzi kwa siri, majirani wakashtukia miti inakatwa, na makaburi yanalimwa.

Na ninyi wazazi mlioko mijini, msingoje mpaka mjenge nyumba ya fahari ndipo mrudi. Wachukueni watoto likizo hii, japo kwa siku mbili. Leo yupo mzee ambaye ukilitaja jina la babu yako atasimama na kukushika mkono. Akiondoka huyo, mtoto wako atafika kwao, naye hana wa kumwuliza ni mwana wa nani.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuunga udugu na kurudisha amana. Amin.